Sura na chura: uchambuzi wa kisa cha mwanasaikolojia aliyehamia utafiti wa kuzeeka kwa utambuzi

Usuli

Mhusika wa kisa hiki tunamwita M. Taasisi, mahali na nyakati vimeondolewa, na hesabu za washiriki zimesogezwa kidogo ili asitambulike mtu. Mpangilio wa matukio na sababu za kila uamuzi zimeachwa zilivyo.

M. hakupanga kuwa mtafiti wa uzee. Shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya saikolojia ya utambuzi, yaani jinsi akili inavyopokea, kuhifadhi na kutumia taarifa, na kazi yake yote ilihusu umakini, hasa gharama anayolipa mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Mwambie mtu aseme kama tarakimu anayoiona ni shufwa au witiri, kisha ghafla mwambie aseme kama ni kubwa au ndogo kuliko 5. Jibu la kwanza baada ya kuhama huchelewa. Ucheleweshaji huo hupimwa kwa milisekunde, na waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo wa miaka 18 hadi 25, kwa kuwa ndio waliokuwa wakipita mlangoni.

Mhakiki mmoja wa makala yake aliuliza kama matokeo hayo yanamhusu yeyote asiye mwanafunzi. Swali lilikuwa la haki. M. akaona jibu jepesi ni kuongeza kundi la wazee. Kwa mlango huo wanasaikolojia wengi huingia katika fani hii, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kusomwa hatua kwa hatua: karibu kila kosa lililomo ni kosa la mtu aliyekuwa hodari kule alikotoka.

Utafiti wa kwanza

Muundo ulikuwa vijana 40 na wazee 40 wa miaka 65 hadi 80, kikao kimoja cha dakika 90, kompyuta ileile na chumba kilekile. Vipimo vilikuwa vitano. Cha kwanza kilikuwa zoezi la kuhama kazi. Cha pili ni orodha ya maneno 15 kwa mtindo wa André Rey: msaidizi anaisoma kwa sauti, mshiriki anataja anayoyakumbuka, wanarudia hivyo mara tano, kisha mshiriki anaulizwa tena baada ya dakika 20. Cha tatu ni kuoanisha tarakimu na alama kwa sekunde 90. Cha nne ni Trail Making, ambapo miduara 25 iliyotawanyika huunganishwa kwa kalamu, kwanza 1-2-3, kisha kwa kupishana 1-A-2-B. Cha mwisho kilikuwa msamiati.

Wazee walikuwa nyuma katika kila kipimo isipokuwa msamiati, ambako waliwapita vijana. M. alifurahi, kwa sababu ndivyo fani inavyotarajia tangu Raymond Cattell na John Horn walipotenganisha, katika miaka ya 1960, uwezo wa kufumbua jambo jipya na maarifa yaliyolimbikizwa. Data ikifanana na kitabu mtu huacha kuikagua. Zaidi ya hapo, gharama ya kuhama kazi kwa wazee ilikuwa kubwa kuliko ya vijana, na sentensi kuu ya rasimu ikaandikwa: umri hudhoofisha uwezo wa kuhama kazi.

Rasimu mbele ya macho mengine

Kabla ya kuituma, M. aliwapa rasimu watu wawili wasiokuwa wa maabara yake, mtakwimu mmoja na mwanasaikolojia wa tiba aliyezoea kupima wazee hospitalini.

Mtakwimu alichora jedwali dogo pembeni mwa ukurasa. Tuseme kijana hujibu kwa milisekunde 400 akirudia kazi ileile, na 600 akihama. Gharama yake ni 200. Mchukue mzee ambaye kila kitu chake kiko polepole kwa mara moja na nusu, asiye na kasoro yoyote ya kuhama kazi. Zile 400 zinakuwa 600, zile 600 zinakuwa 900, na gharama inakuwa 300. Ukitoa, mzee anaonekana ana upungufu wa 100 zaidi. Ukigawanya, 600 kwa 400 ni 1.5, na 900 kwa 600 ni 1.5 ileile. Brinley aliuonyesha mpangilio huu mwaka 1965 kwa kupanga muda wa wazee dhidi ya muda wa vijana na kupata takriban mstari mnyoofu. Mwaka 1996 Timothy Salthouse aliijengea nadharia kamili hoja kwamba kasi ya kuchakata taarifa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya tofauti za umri. M. aliyajua majina hayo. Kilichompita ni kwamba hesabu yake mwenyewe ilikuwa ya kutoa. Alipogeuza muda kuwa logi, ambayo hulinganisha kwa kugawanya badala ya kutoa, na kurudia uchambuzi, sehemu kubwa ya “udhaifu wa kuhama kazi” ikayeyuka.

Mwanasaikolojia wa tiba hakugusa takwimu. Aliuliza maswali manne: Walisikia? Waliona? Wanameza dawa gani? Walipimwa saa ngapi?

La saa lilijibika mara moja, na jibu halikupendeza. Maabara ilikuwa wazi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, na wazee wote walipangwa humo. Cynthia May, Lynn Hasher na Ellen Stoltzfus walionyesha mwaka 1993 kwamba pengo la kumbukumbu kati ya vijana na wazee hubadilika kwa saa ya siku: wazee wengi hufanya vizuri asubuhi, vijana wengi alasiri na jioni. Kwa hiyo M. alikuwa amewapima vijana katika saa yao nzuri na wazee katika saa yao mbaya, bila kukusudia. Kuhusu miwani na dawa, hakuna kilichoandikwa.

Swali la kusikia lilimrudisha kwenye karatasi ghafi, na hapo ndipo kisa kinapogeuka.

Karatasi ghafi

Msaidizi aliyekuwa akisoma orodha alikuwa na tabia moja njema ambayo hakuna aliyemfundisha: aliandika kila neno lililotamkwa, hata lisilokuwemo katika orodha. Wakati wa kutoa alama, maneno hayo ya ziada yalihesabiwa pamoja kuwa “maneno vamizi”, na rasimu iliyafasiri kuwa dalili ya kumbukumbu isiyoweza kuzuia yasiyotakiwa.

Orodha ilikuwa na “sura”, “pete” na “taa”. Kwenye karatasi za wazee kadhaa kulikuwa na “chura”, “kete” na “kaa”.

Tazama irabu. Katika kila jozi irabu zimebaki salama. Kilichobadilika ni konsonanti ya mwanzo tu. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kupungua katika masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, na huko ndiko konsonanti kama s, ch, t, p na k zinakotofautishwa. Irabu hukaa chini, ambako sikio bado ni zima. Mzee aliyesikia “-ura” akajaza mwanzo kwa kukisia amefanya kazi nzuri kwa alichopewa.

Dalili ya pili ilikuwa ya kushawishi zaidi. Kosa la kumbukumbu hutangatanga: linatokea raundi ya pili, linapotea ya tatu, linarudi na sura nyingine. Haya yalikuwa yaleyale raundi zote tano, na tena baada ya dakika 20. Mshiriki mmoja alisema “chura” mara sita. Alilikumbuka neno barabara kuliko wengi waliolisikia sawasawa, akanyimwa alama sita, na juu yake akapewa makosa sita.

Wala tatizo haliishii kwa maneno yaliyosikika vibaya. Patrick Rabbitt alionyesha mwaka 1968 kwamba hata neno lililosikika sawasawa hukumbukwa vibaya zaidi likisikika kwa taabu, kwa kuwa juhudi iliyotumika kulinasa haipo tena ya kulihifadhi. Kwa hiyo kufuta “chura” na “kete” na kuhesabu upya kusingetosha. Hakuna aliyejua maneno mangapi mengine yalikuwa yamelipiwa gharama hiyo.

Uamuzi wa kutochapisha

Njia zilizokuwepo ni tatu. Kuongeza aya ya tahadhari mwishoni mwa makala na kuituma. Kuwaondoa wazee wenye makosa ya sikio na kuchambua waliobaki. Kuiweka makala kabatini.

Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu tahadhari haisahihishi kipimo. Ya pili ilionekana safi, lakini ingeacha kundi la wazee waliochujwa kwa kigezo ambacho vijana hawakuchujwa nacho, na ingewaondoa wale tu ambao makosa yao yalionekana. Njia iliyokuwa bora kuliko zote, ya kuwaita tena wapimwe usikivu, ilifungwa na jambo dogo la kusikitisha: fomu ya ridhaa haikuwa na sentensi inayoruhusu kuwasiliana na mshiriki baada ya kikao. Kamati ya maadili ya utafiti ilisema hapana, na ilikuwa na haki ya kusema hivyo.

Makala ikawekwa kabatini. Bei yake ilikuwa kazi ya miezi minane.

Kujifunza upya

Kwa miezi tisa M. alitumia siku moja kila wiki katika kliniki ya kumbukumbu, akikaa kando huku wengine wakipima. Uamuzi huu ulipingwa na wenzake waliouona kama kupoteza muda wa kuandika. Sababu yake ilikuwa thabiti: anayetaka kupima uzee wa kawaida lazima ajue ugonjwa unavyoanza, kwa sababu katika kundi lolote la wazee wa kujitolea kuna uwezekano wa kuwemo watu ambao dimensia imeshaanza kuwajia bila wao wala ndugu zao kujua. Watu wachache wa namna hiyo wanatosha kuvuta chini wastani wa kundi zima, kisha mteremko ukaitwa “uzee”.

Alichokileta kutoka kliniki kilikuwa cha mikono zaidi kuliko cha nadharia. Mtu mwenye miwani ya lenzi mbili huinua kidevu ili asome skrini, na baada ya dakika 20 shingo inamuuma na anaanza kukosea. Mwombe tangu kwenye simu aje na miwani ya kusomea. Vidole vikavu vya wazee mara nyingi havitambuliwi na skrini ya mguso. Mtu anabonyeza mara mbili, na kompyuta inaandika kwamba alichelewa. Tumia kitufe halisi. Nta ya sikio ni kitu cha kukaguliwa kabla ya kupima usikivu. Orodha ya dawa iandikwe kutoka kwenye pakiti zenyewe, mshiriki aje nazo mfukoni, kwa maana wengi hawazitaji zile za usingizi au za mafua walizojinunulia wenyewe. Difenhidramini, oksibutinini na amitriptilini huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, na kumbukumbu huonyesha.

Hofu nayo ina uzito wake. Mzee akiambiwa “tunapima kumbukumbu yako” huanza kujipima yeye mwenyewe badala ya kusikiliza maneno. M. aliacha kutumia neno “kumbukumbu” kwenye tangazo na kwenye maelezo ya mwanzo. Zoezi likaitwa “orodha ya maneno”, basi.

Mkasa wa majaribio ya awali

Utafiti wa pili ulianza na watu 12 wa majaribio. Kwa kuchuja, M. aliingiza MoCA, kipimo kifupi cha utambuzi chenye alama 30 kilichochapishwa mwaka 2005. Mpaka uliopendekezwa na waliokitunga ni 26, na mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu huongezewa alama 1. Mshiriki mmoja alipata 19. Alipokuwa akivaa koti alimuuliza msaidizi, “Nimefanyaje, mwanangu?” Msaidizi, kwa adabu na kwa kutojua aseme nini, akamjibu, “Umefanya vizuri sana, mzee wangu.”

Maabara haikuwa na utaratibu wowote wa jambo hili. Kwa mtafiti wa wanafunzi halijawahi kutokea, kwa hiyo halikuandikwa. Majaribio yalisimamishwa kwa wiki tatu, na utaratibu ulioandikwa ukawa huu: fomu ya ridhaa inamuuliza mshiriki, kabla ya chochote, kama atataka kujulishwa iwapo kitaonekana kitu cha kufuatilia, na kama kuna ndugu angependa awepo. Msaidizi haruhusiwi kutoa maoni juu ya matokeo, mazuri wala mabaya. Anasema tu kwamba karatasi zitakaguliwa na kwamba M. atapiga simu. M. anapiga mwenyewe ndani ya siku saba. Maneno ya simu yameandikwa: kipimo hiki si cha kutambua ugonjwa, alama ziko chini kuliko tulivyotarajia kwa umri na elimu yako, sababu ni nyingi na baadhi zinatibika, tunapendekeza umwone daktari, na barua hii umpelekee.

Hiyo “baadhi zinatibika” si maneno ya faraja. Sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, dawa zilizotajwa hapo juu, na sikio lisilosikia vyote huweza kuteremsha alama. Ndiyo sababu fomu ya sonona ya wazee yenye maswali 15 iliongezwa katika kikao chenyewe.

Utafiti wa pili

Makundi mawili ya ncha yaliachwa. Walichukuliwa watu 120 wa miaka 30 hadi 79, 24 kwa kila muongo, kwa sababu ukilinganisha miaka 20 na 75 peke yake unalazimika kuchora mstari mnyoofu katikati ambako hukuona kitu. Vikao vyote vilikuwa kati ya saa 3 na saa 6 asubuhi, kwa kila umri. Usikivu ulipimwa kwa odiometa katika masafa manne (hezi 500, 1,000, 2,000 na 4,000), lakini hakuna aliyeondolewa kwa kusikia vibaya. Hapa M. na mwanasaikolojia wa tiba walibishana. Kuwaondoa kungeacha wazee wa ajabu wasiofanana na wazee wowote. Kuwaacha bila marekebisho kungerudisha kosa la kwanza. Wakakubaliana sauti iongezwe kwa kila mmoja mpaka aseme imetosha, na katika raundi ya kwanza mshiriki arudie kila neno papo hapo kabla ya lingine kusomwa.

Kwa zoezi la kuhama kazi, M. alichambua kasi na usahihi pamoja, kwa modeli ya Roger Ratcliff inayotenganisha ubora wa taarifa, kiwango cha tahadhari na muda wa kuona na kubonyeza. Kazi za Ratcliff na wenzake tangu 2001 zimeonyesha kwamba katika mazoezi mengi wazee huchelewa kwa sababu wanadai uhakika zaidi kabla ya kujibu na kwa sababu misuli na macho huchukua muda, huku ubora wa taarifa ukiwa karibu sawa na wa vijana. Data ya M. ilikwenda njia hiyohiyo.

Kipimo cha pili kilipangwa baada ya miezi 18.

Waliorudi wakiwa vijana zaidi

Kati ya 120 walirudi 93, na wastani wa orodha ya maneno ulikuwa umepanda. Sio tu kwa wa miaka 30. Wa miaka 70 nao walikuwa “wamepata nafuu” kwa kama maneno manne katika jumla ya 75.

Sababu ni mbili, na ni lazima zitenganishwe. Ya kwanza ni kuzoea: mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kile anajua kwamba baada ya dakika 20 ataulizwa tena, na anajua mbinu. Kutumia orodha mpya hupunguza athari hiyo ila hakuiondoi. Ya pili ni kwamba 27 ambao hawakurudi walikuwa, kwa wastani, wazee zaidi na wenye alama za chini tangu kikao cha kwanza. Wengine waliugua, wengine walihama, na watatu walisema wazi kwamba waliona aibu mara ya kwanza.

Sababu ya pili huondolewa kwa kulinganisha waliorudi na alama zao wenyewe za mwanzo tu. Ya kwanza inahitaji watu wapya. M. alihamisha fedha za safari za mikutano na kuwapima watu 30 ambao hawakuwahi kupimwa, wenye umri uleule waliokuwa nao waliorudi. Mbinu hii ni ya K. Warner Schaie, aliyeanza ufuatiliaji wake huko Seattle mwaka 1956, akawarudia watu wake kila baada ya miaka 7 na kila mara kuongeza sampuli mpya. Watu wapya wa M. walipata alama zinazokaribia za kikao cha kwanza. Yale maneno manne yalikuwa ya kiti, hayakuwa ya ubongo.

Kisha kukaja swali la familia moja. Mshiriki alikuwa ametoka 44 hadi 36, na mwanawe akauliza kama baba anashuka. Hesabu inafaa kuonyeshwa. Mchepuko sanifu wa kipimo, yaani kadiri alama za watu zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa 9, na uthabiti wake kati ya vikao viwili 0.75. Kosa sanifu la kipimo ni 9 mara kipeuo cha pili cha 0.25 (1 kutoa 0.75), yaani 4.5. Kwa tofauti ya vikao viwili zidisha kwa 1.41, unapata 6.4 hivi. Zidisha kwa 1.96: takriban 12.5. Kushuka kwa 8 kuko ndani ya mtikisiko wa kawaida wa kipimo. Lakini ngoja. Wenzake walipanda kwa 4, kwa hiyo alitarajiwa kufika 48, na umbali wake kutoka 48 ni 12. Bado haijavuka, ila imefika mlangoni. M. hakumwambia kwamba ameshuka, wala hakumwambia yuko salama. Alifuata utaratibu wa simu na barua.

Matokeo

Rasimu ya kwanza haikuchapishwa kamwe. Badala yake zilitoka makala mbili fupi, moja kuhusu namna ya kutofautisha makosa ya sikio na makosa ya kumbukumbu katika orodha za maneno, nyingine kuhusu athari ya kuzoea katika miezi 18. Hazikumletea M. umaarufu. Zilimletea nafasi katika timu inayofuatilia watu wazima kwa muda mrefu, ambayo haikuhitaji nadharia nyingine ya umakini bali mtu wa kulinda vipimo. Mshiriki aliyepata 19 alipigiwa simu utaratibu ulipokamilika, akakubali kwenda kwa daktari.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi hii ni karatasi ghafi. Kama msaidizi angeweka alama ya tiki kwa sahihi na kuyaacha mengine, “chura” asingeonekana milele. Gharama ya kuandika kila kitamkwacho ni wino tu, na ingefaa irekodiwe pia sauti. La pili ni kuionyesha rasimu kwa watu wasiopenda unachokipenda, na kabla ya kuituma. Mhakiki wa jarida asingepata karatasi za kukagua. Miezi tisa ya kliniki ililipa pia, ingawa miezi minne ingetosha.

Kosa kubwa kuliko yote ya utekelezaji ni fomu ya ridhaa. Sentensi moja ya kuruhusu kuwasiliana tena ingegeuza utafiti wa kwanza kuwa wa ufuatiliaji. Ukosefu wa utaratibu wa alama za chini unafuata hapohapo, na huo ulimgusa binadamu, si makala.

Miezi 18 ilikuwa mifupi mno. Kwa watu wazima wenye afya, mabadiliko halisi ya muda huo ni madogo kuliko faida ya kuzoea, kwa hiyo M. alikuwa anatafuta mnong’ono katikati ya ngoma. Kama fedha hairuhusu kusubiri zaidi, bora kuwapima watu mara tatu ndani ya mwezi wa kwanza, ili kuzoea kuishe mapema na mtikisiko wa kila mtu ujulikane.

Sehemu ya pili ya Trail Making ilibaki na tatizo ambalo halikutatuliwa. Inadhani kwamba kila mtu ana mfuatano wa alfabeti mdomoni. Aliyesoma miaka michache, au aliyesoma kwa hati nyingine, hupoteza sekunde akitafuta kinachofuata baada ya G, na sekunde hizo huandikwa kwenye akaunti ya umri.

Na hapa liko jambo ambalo muundo wa pili uliligusa bila kulimaliza. Watu wa miaka 30 na wa miaka 79 hawatofautiani kwa umri peke yake. Ni marika mawili, yenye shule, lishe na maradhi ya utotoni tofauti. James Flynn alionyesha kwamba alama za vipimo vya akili zilipanda kwa takriban pointi 3 kila muongo katika nchi nyingi za viwanda katika karne ya 20. Rika lililozaliwa miaka 50 kabla linaweza kuonekana limeshuka wakati lilianzia chini. Kwa data ya Schaie, ulinganisho wa siku moja ulionyesha mteremko wa mapema, huku ufuatiliaji wa watu walewale ukionyesha uwezo mwingi ukisimama imara hadi kama miaka 60.

Dawa kamili ni kuwa na kipimo cha utotoni, na wachache wanacho. Uskoti ina bahati hiyo: karibu watoto wote waliozaliwa 1921 walipimwa mwaka 1932 wakiwa na miaka 11. Ian Deary na wenzake waliwapa watu 101 kati yao kipimo kilekile wakiwa na miaka 77, na uwiano wa kitakwimu kati ya alama za miaka 11 na za miaka 77 (0 ni kutohusiana, 1 ni kufuatana kikamilifu) ulikuwa 0.63. Kipeo cha pili chake ni kama 0.40, yaani karibu sehemu mbili kwa tano ya tofauti kati ya wazee ilikuwepo kabla hawajabalehe, au tuseme wazi zaidi, asilimia 40. Mtafiti asiye na kipimo hicho hutumia msamiati au usomaji wa maneno magumu kama kadirio la alikoanzia mtu, kwa kuwa hayo hushuka kwa uchache. M. alikuwa na kipimo cha msamiati tangu utafiti wa kwanza. Alikitumia kuonyesha kwamba wazee hawako nyuma kila mahali, na hakukitumia kwa kazi hii iliyo muhimu zaidi mpaka uchambuzi wa mwisho.

Kwa kipimo cha tatu, kilichopangwa miaka minne baada ya cha kwanza, orodha ya maneno imetungwa upya. Wengine katika timu walitaka maneno yote yanayochanganyika masikioni yaondolewe. M. aliomba “sura” ibaki. Msaidizi huisoma, mshiriki huirudia, na akisema “chura” linaandikwa kwenye safu yake, kisha anaonyeshwa kadi yenye neno kwa herufi kubwa, anaitikia kwa kichwa, na wanaendelea na neno linalofuata.